Mtoto Huyu Si Mzito: Namna Nyumba na Mila Zinavyokuza Akili ya Mtoto



Kuna swali ambalo mama huliuliza mwishoni kabisa, pale kliniki, baada ya mtoto mchanga kupimwa uzito na kuchomwa sindano, wakati mama amekwisha kumfunga mgongoni na anakaribia kutoka. "Bibi muuguzi, kaka yake huyu yuko darasa la pili. Mwalimu anasema ni mzito. Akiulizwa hajibu, anaangalia chini tu. Je, kuna dawa?"

Swali hili huulizwa Handeni, huulizwa Korogwe, na bila shaka huulizwa kila mahali penye shule na kliniki. Mwezi huu tumeona tulijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu lake si kidonge, na kwa sababu mtoto akishaitwa mzito jina hilo humganda. Baada ya miaka miwili mitatu naye huanza kuliamini, kisha huacha shule akaenda kuchunga au kuuza karanga stendi.

Hebu kwanza tumtazame huyo anayeitwa mzito akiwa nyumbani. Tuchukue mtoto wa miaka minane wa kijiji kimoja cha Handeni. Asubuhi anatumwa dukani na noti ya shilingi elfu mbili, alete chumvi, kiberiti na sabuni ya kipande, na arudishe chenji. Harudi na pungufu. Anawajua mbuzi wa nyumbani mmoja mmoja, na jioni akiona mmoja hayupo anasema ni yupi na mara ya mwisho alimwona wapi. Anajua uyoga unaoliwa na ule unaoua. Anajua njia tatu za kwenda kisimani, na ni ipi isiyopitika wakati wa masika. Kwa waya alioukota na soli ya ndala iliyochakaa ametengeneza gari lenye usukani unaokata kona. Sasa tuambizane ukweli: huyu ni mzito wa nini?

AKILI HUKUA INAKOTUMIWA

Mtoto hazaliwi na akili iliyokwisha kujaa kama maji kwenye mtungi. Huzaliwa na ubongo ulio tayari kujifunza, na ubongo huo hukua kwa kasi sana. Afikapo miaka miwili hivi, umekwisha kufikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Lakini yale yanayojengeka ndani yake hutegemea mtoto anaona nini, anasikia nini, anaachiwa kufanya nini, na watu wanaomlea wanathamini nini. Mila za nyumbani ni sehemu ya chakula cha akili.

Mfano ulio wazi kabisa watoka kwa jirani zetu wa Kenya. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja Mmarekani, Charles Super, alikaa na familia za Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet. Aliona kwamba watoto wa pale walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa kadiri ya mwezi mmoja. Wengine wangesema ni damu ya Kiafrika. Super hakuridhika na jibu hilo. Akachunguza, akakuta kwamba akina mama wale walikuwa wanawafundisha watoto kukaa: wanawachimbia kishimo kidogo ardhini au kuwazungushia nguo ili wasianguke. Walikuwa pia wakiwashika mikono na kuwatembeza. Ila kwa mambo ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, watoto wale hawakuwatangulia wenzao. Mtoto alitangulia pale tu alipofundishwa. Na nani kati yetu hajaona mtoto wa miezi mitano amekalishwa mkekani, amezungushiwa kanga za mama pande zote kama mfalme?

Ikiwa ndivyo kwa miguu, basi ndivyo ilivyo na kwa akili. Mtaalamu mwingine, Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, alichapisha mwaka 1979 jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Alichukua watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza, akawapa michoro waiige. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza waliwashinda wa Zambia. Kwa waya, watoto wa Zambia waliwashinda wa Uingereza. Kwa udongo wa kufinyanga, walilingana. Watoto wa Lusaka walikuwa wamekua wakitengeneza magari ya waya mitaani, na wale wa Manchester wamekua na kalamu za rangi. Kama Serpell angeleta kalamu na karatasi peke yake, angerudi na habari kwamba mtoto wa Kiafrika haoni sawasawa. Bahati nzuri alibeba na waya.

MTOTO ANAYENYAMAZA

Turudi kwa mtoto wetu anayeangalia chini. Katika nyumba nyingi za Kizigua, Kisambaa na Kibondei, mtoto mwema ni yule anayesikia anapotumwa, anayeamkia wakubwa, asiyeingilia maneno yao. Anapoongea na mtu mzima hamkazii macho. Hayo ni malezi, na ni malezi mazuri. Sasa siku moja mtoto huyu anaingizwa katika chumba chenye watoto sabini au zaidi, na mtu mzima asiyemjua anasimama mbele yake na kumuuliza jambo ambalo yeye mwenyewe analijua tayari. "Tatu kujumlisha nne ni ngapi?" Nyumbani hakuna mkubwa anayemuuliza mtoto jambo analolijua. Mkubwa akiuliza, ni kwa sababu anataka habari: ng'ombe wako wapi, baba amerudi? Mtoto anajiuliza huyu mwalimu anataka nini hasa. Ananyamaza, kwa kuwa amefundishwa kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima.

Jambo hili nalo liliwahi kupimwa kulekule Kokwet. Super na mwenzake Sara Harkness waliwasimulia watoto hadithi fupi na kuwataka waisimulie tena. Wengi hawakusema kitu. Wataalamu wale hawakuandika kwamba watoto hawana kumbukumbu. Mwaka 1977 waliandika kwamba mtoto aliyelelewa kusikiliza na kutii hajazoea kumsimulia mtu mzima chochote, na kwamba mtoto yuleyule akiwa na wenzake anasema bila kuchoka. Asiyeamini akasimame nyuma ya nyumba jioni awasikilize watoto wanapocheza.

Hapa nchini pia watafiti waliwahi kuwauliza wazazi na walimu wa Mtwara wanataka mtoto awe na sifa zipi. Heshima, utii na nidhamu zilitajwa sana. Udadisi na kujiamini, yaani mambo yanayomsaidia mtoto kunyoosha mkono darasani, hayakupewa uzito uleule vijijini. Sidhani Tanga tuko tofauti sana. Wala sisemi tuache heshima. Nasema mtoto anaweza kufundishwa kwamba darasani kumjibu mwalimu ndiyo heshima yenyewe, na kwamba anayeuliza "kwa nini" hamtukani mtu. Lakini jambo hilo inabidi mzazi alitamke kwa kinywa chake kabla ya siku ya kwanza ya shule. Mtoto hawezi kulibahatisha.

HANDENI SI KOROGWE

Wilaya hizi mbili zimepakana, lakini watoto wake hawaingii shuleni na mzigo mmoja.

Korogwe iko njiani: barabara kuu, reli, na mashamba ya mkonge. Mkonge ulipoletwa Tanganyika na Wajerumani katika miaka ya 1890 ulihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo, na kwa miaka mingi wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, manamba kutoka Kigoma, Tabora, Nyanda za Juu Kusini na hata kutoka nje ya nchi. Kambini Mmakonde alipakana na Muha, na Muha na Mbena. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa kambini alikisikia tangu tumboni, na alipoingia darasa la kwanza maneno ya mwalimu hayakuwa mageni kwake. Lakini mtoto huyohuyo aghalabu alikuwa hana bibi wa karibu wa kumsimulia hadithi, wala shamba la kutosha la mama, na mishahara ilipoyumba pamoja na bei ya mkonge, chungu nacho kiliyumba.

Mtoto wa ndani ya Handeni mara nyingi ana Kizigua kwanza. Ana ukoo mkubwa unaomzunguka: bibi, shangazi, na hasa mjomba, kwa maana Wazigua hufuata ukoo wa upande wa mama na neno la mjomba lina uzito. Anasikia hadithi na vitendawili. Lakini shuleni, tangu mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi nchini kote, anafundishwa kwa lugha ambayo pengine anaielewa nusu. Kwa mwaka wa kwanza anafanya kazi mbili kwa pamoja, kujifunza hesabu na kujifunza lugha ya hesabu. Mwenzake wa Korogwe mjini anafanya moja. Wakipewa mtihani mmoja, mnategemea nini?

Wazazi wengine husikia hayo wakaamua kuacha kusema kilugha nyumbani, wakaongea na mtoto Kiswahili cha kubabaisha. Tunasema hapana. Mtoto hajengwi akili na lugha ya mzazi anayetafuta maneno. Ongea naye kwa lugha unayoimudu, ile unayoweza kutania nayo, kuonya nayo na kusimulia nayo. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja huyahamishia haraka katika ya pili. Ubongo wa mtoto hauchanganyikiwi na lugha mbili. Kiswahili kiongezwe: kwa redio, kwa watoto wa jirani, kwa darasa la awali, kwa kusomewa. Kisichukue nafasi ya lugha ya mama.

MTIHANI WA MARA MOJA HAUTOSHI

Si mbali na kwetu, karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto 358 wa shule wenye umri wa miaka 11 hadi 13. Walifanya jambo la busara. Waliwapa mtihani wa kufikiri, kisha wakawaelekeza kwa muda mfupi namna ya kuufikiria mtihani wa aina ile, kisha wakawapima tena. Watoto walipanda. La kushangaza zaidi ni kwamba walioongoza mara ya pili hawakuwa lazima wale walioongoza mara ya kwanza. Maelekezo ya dakika chache yalifichua uwezo ambao mtihani wa kwanza haukuuona. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002.

Kundi hilohilo la wataalamu lilifanya kazi Usenge, magharibi mwa Kenya, kati ya Wajaluo. Watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 waliulizwa habari za mitishamba: dawa ipi ya ugonjwa upi, hupatikana wapi, hutumiwa kiasi gani. Walijua mengi. Na waliojua zaidi mitishamba walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa msamiati wa Kiingereza. Si kwamba dawa za miti zinaharibu kichwa! Siku ya mtoto ina saa zilezile, na kila familia huamua zitumike wapi. Familia iliyoona kwamba mwanawe atabaki kijijini ilimfundisha ya kijijini.

Nikiwa mkweli, hapa ndipo panaponitia wasiwasi. Tunapomtuma binti wa miaka tisa kuchota maji kutwa, kwa sababu shida ya maji ya Handeni kila mtu anaijua, na kumwachia kumbeba mdogo wake jioni, tunamfundisha uangalifu na wajibu, na hiyo ni akili pia. Lakini kaka yake aliyekaa chini ya mwembe akicheza bao la mashimo ya mchangani anapata hesabu za bure: kuhesabu kete, kukisia shimo la mwisho, kufikiri hatua mbili mbele. Kisha tunashangaa kwa nini msichana anachelewa hesabu. Mpeni naye nusu saa ya bao.

AFYA YA MWILI NDANI YA KICHWA

Ukurasa huu ni wa afya, na haingekuwa sawa kusema mila na lugha tu. Ziko sababu za mwili zinazopunguza akili ya mtoto, nazo hutegemea sana hali ya nyumba.

Ya kwanza ni udumavu. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha tangu tumboni hadi miaka miwili hubaki mfupi kwa umri wake, na ubongo wake nao hukosa vifaa vya ujenzi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Tumepiga hatua, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Kwetu tatizo si lazima njaa tupu. Mara nyingi ni uji mweupe wa mahindi au muhogo asubuhi, mchana na jioni. Kunde, choroko, mbaazi na karanga zinalimwa hapahapa, na dagaa wako sokoni. Saga karanga, tia katika uji. Yai la kuku wa nyumbani lisiuzwe lote. Moja libaki kwa mtoto.

Ya pili ni upungufu wa damu, unaoletwa na chakula kisicho na madini ya chuma, na minyoo, na malaria. Kisiwani Pemba, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watoto wadogo waliopewa madini ya chuma kila siku kwa mwaka mmoja walitangulia wenzao katika kusema na katika matumizi ya viungo. Maana yake, mtoto aliyechelewa kusema pengine alihitaji damu. Mboga za majani, dagaa na nyama kila inapopatikana, chungwa au embe baada ya chakula ili chuma kiingie vizuri mwilini, na dawa za minyoo zinapotolewa kliniki au shuleni.

Ya tatu ni malaria kali. Utafiti uliofanywa hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008, ulifuatilia watoto walionusurika malaria iliyopanda kichwani. Miaka miwili baadaye karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shida ya kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Kati ya watoto wenye afya wa mitaa hiyohiyo, hawakufika mmoja kati ya kumi. Hapa tuseme wazi juu ya degedege. Wapo bado wanaoamini kwamba degedege huletwa na ndege au shetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo aanzie kwa mganga. Kila saa inayopotea njiani ni hatari kwa uhai wa mtoto na kwa akili yake. Degedege la homa ni safari ya hospitali, usiku huohuo. Familia za Korogwe zinaijua malaria kuliko wengi: watoto wao walikuwa miongoni mwa waliofanyiwa majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kati ya miaka 2009 na 2014, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021. Lakini chandarua kinatundikwa leo.

NYUMBANI TUFANYE NINI

Serikali ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayounganisha afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji tangu utotoni. Ni jambo jema. Lakini mengi hayangoji programu.

Ongea na mtoto kabla hajajua kusema. Mama anayepepeta mahindi na mtoto mgongoni anaweza kumwambia anachofanya, haimpunguzii kazi. Mtoto akisema neno moja, mrudishie matatu. Akiuliza, ajibiwe, na kama hujui, mwambie hujui, mkamuulize babu. Akirudi shuleni usiishie kwa "umepigwa?" Muulize amesikia nini, akusimulie, umsikilize hadi mwisho bila kumkatiza. Huo ndio mtihani wa Kokwet, ila sasa anayeuliza ni mama, na mtoto haogopi. Akina baba nanyi mjitahidi. Mtoto hujifunza maneno mengine kwa baba ambayo mama hayatumii.

Hadithi na vitendawili virudi. Mtu anayetegua kitendawili anafanya kazi ileile anayoitaka mwalimu: kushika mambo mawili yasiyofanana na kuona yanapokutana. Siku hizi Korogwe mjini, na hata Handeni, mtoto akilia hupewa simu. Ananyamaza, ni kweli. Lakini simu haimsubiri ajibu, wala haicheki anapokosea, wala haimwambii "nipe mji" akishindwa.

Na yule mama wa kliniki? Kabla ya kulizungumza jambo na mwalimu, mpeleke mtoto apimwe masikio na macho. Mtoto aliyewahi kutoka usaha masikioni mara kwa mara huweza kupungukiwa usikivu bila mtu kugundua, na mtoto asiyesikia hukaa kimya kama mtoto mwenye adabu. Unaweza kuanza mwenyewe nyumbani. Simama nyuma yake hatua tatu, mahali tulivu, asikuone. Mwite jina lake kwa sauti ya chini, kisha umtume jambo dogo kwa kunong'ona, kama vile kuleta kijiko. Rudia siku tatu. Asipogeuka, njoo naye kliniki, na usisubiri siku ya kumpima mdogo wake.